Mwani, taa na mchanga: mwongozo wa tangi la matumbawe la nyumbani

Anayeanza tangi la matumbawe huja na maswali matatu wiki ya tatu au ya nne. Mchanga umekuwa wa kahawia, nifanyeje? Taa iwake kwa muda gani? Mchanga niukoroge au niuache ulivyo? Nimeyajibu mara nyingi kipande kipande, na nimeona kwamba jibu la kipande huharibu. Aliyeambiwa apunguze taa tu, bila kuambiwa habari ya chakula, hurudi baada ya wiki mbili mwani ukiwa palepale na matumbawe yamefifia. Kwa hiyo hapa nayaweka yote pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Sharti langu ni moja: badilisha kitu kimoja, kisha subiri siku 14 kabla ya kugusa kingine. Ukipunguza taa, ukabadilisha maji na kutia dawa siku hiyohiyo, hutajua kilichosaidia wala kilichodhuru. Matangi mengi niliyoyaona yakifa hayakuuawa na mwani. Yaliuawa na mwenyewe aliyekuwa na haraka ya kuuondoa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO/DI, unaoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini, na mita ya TDS ya kupimia vilivyobaki. Mita isome 0.
- Rifraktomita ya kupimia chumvi, na kipimajoto unachokiamini.
- Vipimo vya nitrati na fosfati (virutubisho vinavyolisha mwani), na cha ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi). Cha fosfati kiwe kinachosoma viwango vidogo sana, maana kinachoanzia 0.25 hakitakusaidia.
- Mrija wa plastiki laini wa kunyonyea maji, ndoo mbili zisizowahi kuguswa na sabuni, mswaki mpya na sumaku ya kufutia kioo.
- Taima ya taa, kama taa yako haina yake ndani.
- Glavu ndefu na miwani ya kukinga macho.
- Daftari. Simu pia inafaa, lakini andika.

Glavu na miwani usizichukulie kama pambo. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, hasa jamii ya Palythoa, hubeba sumu kali iitwayo palitoksini. Usiyasugue kwa mswaki, usiyakate ukiwa na mkono wenye kidonda, na kamwe usichemshe jiwe la baharini ili kuua mwani. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini pamoja na watoto wao.

Hatua ya 1: Tambua kilichoota

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Huliita kila kitu mwani na kununua dawa moja. Chukua dakika kumi, uangalie kwa macho na kwa kidole.

Vumbi la kahawia linalofutika kwa urahisi kwenye kioo na mchanga, katika tangi lisilozidi miezi miwili au mitatu, ni diatomu. Hula silika iliyomo majini na kwenye mawe mapya. Zikimaliza chakula chao hupungua zenyewe. Futa kioo, waache konokono wale, usinunue chochote.

Utando mwekundu au wa zambarau iliyoiva, unaobanduka kama ngozi na kushika vipovu vya hewa, si mwani. Ni sainobakteria. Hupenda pembe ambazo maji hayasogei na mahali taka zilipojilundika.

Nyuzi za kijani zilizoshika jiwe ni mwani nywele. Ukizivuta zikatoka kwa urahisi, una bahati. Zikiwa na matawi kama unyoya wa ndege na zimeshika kama mizizi, huenda ni Bryopsis, na hiyo konokono wengi hawaigusi.

Vidonge vya kijani vinavyong'aa kama shanga ni mwani malengelenge. Usivipasue ndani ya tangi, kwani vikipasuka humwaga mbegu zake majini. Ving'oe kizima kizima, ukiwa umeweka mdomo wa mrija unaonyonya karibu navyo.

Sasa ile inayonitia hofu kuliko zote: makamasi ya kahawia yenye nyuzi na vipovu vinavyoning'inia, yanayopungua usiku na kurudi mchana, huku konokono wakianguka mmoja mmoja na kufa. Hizo ni dinoflajelati, viumbe vidogo vya seli moja. Huchanganywa sana na diatomu, ilhali tiba zake zinapingana. Zipime hivi: nyonya kidonge cha makamasi pamoja na maji kidogo ya tangi, tia kwenye chupa safi, tikisa kwa nguvu mpaka yavunjike kabisa, kisha chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yaliyopita yaweke kwenye nuru kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ni dinoflajelati.

Na kuna mmoja wa kumkaribisha: tabaka gumu la waridi au zambarau linalofunika jiwe kama rangi ya chokaa. Huo ni mwani mzuri. Huchukua nafasi ambayo ule mbaya ungeitaka, na ukiuona unatambaa juu ya mawe ujue tangi lako linatulia.

Hatua ya 2: Pima, uandike

Pima siku moja, saa ileile kila wiki, kabla ya kulisha. Shabaha zangu ni hizi: joto nyuzi 25 hadi 26, chumvi 1.025 hadi 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), ualkali 8 hadi 9 dKH (kizio cha ualkali), nitrati 2 hadi 10 ppm (sehemu kwa milioni), fosfati 0.03 hadi 0.1 ppm.

Unaona kwamba nitrati na fosfati sikuziandikia sifuri. Matumbawe yanazihitaji pia, na dinoflajelati mara nyingi hulipuka pale mtu alipofaulu kuzimaliza zote mbili. Sifuri ni kosa. Wanaoanza huambiwa kinyume chake kila siku, na wanaoliamini hilo hulipa kwa matumbawe yao.

Jihadhari na jambo moja. Tangi lililojaa mwani nywele linaweza kusoma fosfati 0.02, na mwenyewe akashangaa mwani unakula nini. Unakula hiyohiyo, kabla kipimo hakijaiona. Mawe na mchanga wa aragoniti (madini ya chokaa) pia hushika fosfati na kuiachia kidogokidogo, ndiyo maana ukiishusha leo hupanda tena wiki ijayo. Hujakosea kupima. Jiwe linatoa lilichoweka akiba.

Hatua ya 3: Funga mlango maji yanapoingilia

Pima maji ya RO/DI kwa mita ya TDS kila unapoyatengeneza. Yakianza kusoma zaidi ya 0, badilisha kichujio cha mwisho, kile cha DI chenye chembe za resini, kabla ya kuyatumia. Maji ya bomba yanaweza kubeba nitrati, fosfati, silika na shaba, na shaba ndiyo inayowaua konokono na kamba.

Maji yanayopotea kwa kukauka yajazwe kwa maji matamu ya RO/DI, siyo ya chumvi. Chumvi haikauki pamoja na maji. Mtu akijaza kwa maji ya chumvi kila siku, chumvi hupanda mpaka matumbawe yanajifunga, naye hudhani taa imekosea.

Hatua ya 4: Ng'oa kwa mkono kwanza

Hakuna konokono atakayemaliza msitu. Kazi ya konokono ni kulinda shamba lililokwisha kupaliliwa.

1. Zima pampu za mawimbi na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu). Chomoa hita ikiwa maji yatashuka chini yake, kwa sababu hita ikiwaka hewani kioo chake hupasuka.
2. Jiwe linalotoka kwa urahisi litoe, ulisugue kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kisha ulisuuze katika ndoo ya pili. Kwanza hakikisha halina zile Palythoa.
3. Jiwe lisilotoka, shika mrija kwa mkono mmoja ukinyonya na kwa mkono mwingine ung'oe nyuzi mbele ya mdomo wa mrija. Usiache vipande vikielea. Kila kipande ni mche.
4. Sainobakteria usisugue. Nyonya utando wote kwa mrija, kama unavyobandua gome.
5. Rudisha maji mapya yenye joto na chumvi ileile. Asilimia 10 hadi 15 ya tangi zinatosha.
6. Washa pampu, osha soksi ya kuchujia au ibadilishe siku hiyohiyo. Ukiiacha na mwani uliokufa, umeurudisha tangini.

Rudia kila wiki kwa wiki nne, na piga picha kila mara kutoka mahali palepale. Jicho la mwenye tangi husahau.

Hatua ya 5: Panga taa

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa kutumia nuru. Ndiyo maana huwezi kuzima taa ukasema tatizo limeisha. Unatafuta kiasi kinachomtosha mwani wa ndani bila kumpa wa nje karamu.

Muda: jumla ya saa nane hadi tisa za mwanga kamili kwa siku, pamoja na nusu saa au saa nzima ya kupanda taratibu na vivyo hivyo ya kushuka. Taima ifanye kazi hiyo. Anayewasha kwa mkono siku moja huwasha kwa saa sita, siku nyingine kumi na tatu, na matumbawe hayapendi mchezo huo.

Rangi: buluu itawale. Mwanga wa urefu wa wimbi kati ya nanomita 420 na 470 ndio matumbawe yanayoutumia vizuri. Nyeupe iongeze kwa ajili ya macho yako, nyekundu na kijani viwe kidogo sana au vizimwe.

Nguvu hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 100, yale yenye nyama na mifupa mikubwa 75 hadi 150, na yale ya matawi magumu yenye vitundu vidogo 200 hadi 350. Mita ya PAR ni ghali, na inatumika mara mbili kwa mwaka. Azima. Pima juu ya jiwe, katikati na mchangani, uandike namba kwenye daftari, urudishe.

Ukiikosa mita kwa sasa, anzia chini. Weka taa kwenye asilimia 30 hadi 40, pandisha asilimia 5 kwa wiki, na angalia. Tumbawe linalopata mwanga mdogo hugeuka kahawia na kujinyoosha kama mche wa kivulini. Linalozidiwa hupauka upande wa juu na kusinyaa. Ukiona kupauka, shusha taa siku hiyohiyo kwa robo. Hapo tu ndipo sharti langu la siku 14 halifanyi kazi.

Kosa la kawaida: kununua taa mpya kali na kuiweka nguvu ileile ya taa ya zamani. Nilifanya hivyo, na ndani ya siku nne tumbawe nililolikuza kwa miaka miwili likawa jeupe kama mfupa. Taa mpya, hata ya aina ileile, ianzwe chini. Na tumbawe jipya likae mchangani wiki moja hadi mbili kabla ya kupandishwa juu ya jiwe.

Mengine ya haraka. Futa chumvi iliyoganda kwenye kioo cha taa kila wiki. Mirija ya taa za T5 (flurosenti) ibadilishwe kila baada ya miezi 9 hadi 12. Tangi lisipigwe na jua la dirishani. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likitembea juu yake lidondoke sakafuni.

Hatua ya 6: Mchanga

Kama hujautia bado, chagua wa aragoniti wenye chembe za milimita 1 hadi 2. Ulio laini kama sukari ni mzuri kwa macho, lakini pampu zenye nguvu zitaupeperusha juu ya matumbawe kila siku. Ulio mkubwa kama kokoto humeza chakula na kinyesi, na hapo ndipo nitrati huzaliwa. Usichote wa ufukweni: hujui mafuta na taka gani zimepita juu yake, na katika nchi nyingi sheria inakataza kuuchukua.

Kina kiwe sentimita 3 hadi 5. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.5 upate kilo. Tangi la sentimita 90 kwa 45 lenye mchanga wa sentimita 3 linataka lita 12 hivi, yaani kilo 18. Wapo wanaoweka sentimita 10 hadi 15 ili bakteria wa chini wasio na hewa waivunje nitrati. Njia hiyo inafanya kazi kwa mwenye kuielewa, ila kwa tangi la kwanza siipendekezi.

Mawe yatangulie kukaa juu ya kioo, ndipo mchanga uzunguke. Ukiweka jiwe juu ya mchanga, samaki mchimbaji atachimba chini yake na litaanguka. Mchanga mkavu uoshe ndooni mpaka maji yatoke safi. Ulionunuliwa ukiwa na maji na bakteria hai usioshe. Kama tangi tayari lina wanyama, zima pampu na umimine mchanga kupitia bomba linalofika chini.

Kuusafisha: gawanya eneo la mchanga katika robo nne. Kila wiki, wakati wa kubadilisha maji, nyonya robo moja. Chomeka mdomo wa mrija, acha mchanga upande kidogo na kuzunguka, kisha bana mrija kwa vidole ili chembe zishuke na uchafu upite. Mwezi ukiisha umezunguka tangi zima.

Ila sikiliza hapa. Kama mchanga wako ni wa kina, una mwaka au zaidi, na haujawahi kuguswa, usiukoroge. Chini yake huenda kuna tabaka jeusi lenye gesi ya hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Ukiufumua kwa siku moja unaweza kuua kila kilicho hai. Ondoa kwa mrija kipande chenye upana wa kiganja kwa wiki, mchanga pamoja na maji yake, utoke nje kabisa. Nafasi jaza mchanga mpya uliooshwa, kidogo.

Hatua ya 7: Wafanyakazi, na chakula

Konokono wa Trochus wanakula mwani wa kioo na jiwe, na wakianguka hujigeuza wenyewe. Turbo ni walaji wakubwa lakini huangusha matumbawe yasiyogundishwa. Kwa mchanga, Nassarius wanaoishi wamezikwa na kuibuka wakinusa chakula, na Cerith wadogo. Anza na mmoja kwa kila lita 15 au 20, uongeze ukiona kazi inawashinda. Ukiwajaza wengi siku ya kwanza watamaliza mwani, kisha wafe njaa, na mizoga yao itakuwa mbolea ya mwani ujao.

Jongoo bahari ni msafishaji mzuri wa mchanga, lakini akifia kwenye pampu anaweza kutoa sumu inayoua samaki. Funika midomo ya pampu kwa sponji kabla ya kumleta. Samaki kama tasi hula mwani nywele kwa hamu, na ana miiba yenye sumu na anataka tangi kubwa. Usimnunue kama kifaa cha usafi.

Chakula kilichogandishwa kiyeyushe kwa maji ya RO/DI, kichuje, maji yake yamwage. Lisha kinachokwisha ndani ya dakika mbili.

Ikiwa mambo bado hayaendi

*Mwani nywele unarudi kila wiki mahali palepale.* Jiwe linaachia fosfati. Tumia chembe za oksidi ya chuma za kuondoa fosfati, nusu ya kipimo kilichoandikwa, na upime kila siku mbili. Ikishuka ghafla matumbawe huungua ncha.

*Ni Bryopsis kweli, na kung'oa kumeshindwa.* Wafugaji wengi hutumia flukonazoli (dawa ya fangasi), miligramu 5 kwa lita, kaboni ya kuchujia ikiwa imetolewa. Huchukua wiki mbili hadi tatu. Mwani ukianza kufa uondoe, usiuache uoze ndani.

*Utando mwekundu haupungui.* Elekeza pampu kwenye kona hiyo, nyonya uchafu ulio chini yake, punguza chakula. Dawa ya kuua sainobakteria iwe ya mwisho, na ukiitumia ongeza hewa usiku na mchana, kwa sababu oksijeni hushuka.

*Ni dinoflajelati.* Acha kubadilisha maji kwa muda, ondoa kila kinachonyonya fosfati, pandisha nitrati hadi 5 au 10 na fosfati hadi 0.1 kwa kulisha zaidi. Ukipata hadubini ya kukuza mara 400, angalia aina. Ostreopsis hupanda majini usiku, hivyo taa ya kuua vijidudu ya UV huzinasa. Amphidinium hubaki mchangani, na UV haiwezi kuzifikia. Giza la siku tatu husaidia kuzipunguza, lakini peke yake haliwezi kuzimaliza.

*Mchanga umeshikana kama saruji.* Mara nyingi ualkali umepanda sana au umetiwa haraka mahali pamoja. Pima, punguza dozi ya ualkali, uvunje mchanga kwa kidole sehemu ndogo kwa wiki, na uimimine dozi mbele ya pampu.

*Kila kipimo ni kizuri, mwani haupo, na matumbawe bado yamejifunga.* Pima chumvi tena kwa rifraktomita uliyoisawazisha kwa maji ya kipimo cha 35 ppt (sehemu 35 za chumvi kwa elfu), siyo kwa maji matamu. Nimekuta zinazosoma 1.025 wakati tangi liko 1.021.